Gari la mzee lisiuzwe kwa kilo

NENO LA JUMAMOSI
Na Ramazani Lokinda

Wanunuzi wa vyuma chakavu wamezidi kupita Kabondo, hapa Kisangani. Wanabisha hodi parseli kwa parseli, wanauliza mabati, betri zilizokufa, vitanda vya chuma. Wakiona nyuma ya nyumba Land Rover au Land Cruiser iliyosimama tangu vita, bei inaanza papo hapo. Gari linakatwa kwa gesi mlemle uani, linapimwa kipande kwa kipande, linalipiwa kwa kilo. Jioni familia inabaki na noti chache na doa jeusi la mafuta ardhini. Wiki hii nina ombi moja kwa kila mwenye gari la namna hiyo: kabla hujakubali bei ya kilo, lipige shasi nyundo.

Magari haya hayakuja Kisangani kwa bahati. Yaliletwa kwa sababu ya barabara zetu. Anayekwenda Bafwasende, Lubutu, Buta au Ubundu anajua kwamba msitu hauna huruma na gari la chini. Wamisionari, waganga, wenye mashamba ya kahawa na michikichi, wote walitafuta gari la magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja. Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, msafara wa kijeshi wa Kanali Vandewalle, Mbelgiji, ulipanda kutoka Kindu kwa malori na jeep, ukaingia Stanleyville, Kisangani ya leo, asubuhi ya tarehe 24, siku ileile askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka. Wazee wetu wanaikumbuka siku hiyo kwa milio ya risasi, lakini wanakumbuka pia ngurumo za injini.

Halafu vikaja vita vya 1998. Mto ukafungwa, mafuta yakawa adimu, mji ukabebwa na toleka, zile baiskeli za abiria. Wengi waliokuwa na gari walilificha uani, wakang'oa betri, wakafunika injini kwa turubai. Juni 2000, siku zile sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mji usio wao, yapo magari yaliyopigwa na vipande vya mabomu yakiwa yamesimama. Amani iliporudi, mwenye gari pengine alikuwa amekufa, au pesa hazikuwepo, na mvua ikaendelea na kazi yake.

Mvua ya Kisangani haina likizo. Tuko karibu kabisa na ikweta, hakuna mwezi unaopita bila kunyesha, na hata siku isiyo na mvua hewa inabaki na unyevu. Kutu haihitaji zaidi ya hapo: chuma, maji, hewa. Ndiyo maana mtu anayetaka kufufua gari hapa kwetu lazima kwanza ajue gari lake limeundwa kwa kitu gani.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgao, basi kampuni ya Rover ikaunda bodi kwa mchanganyiko wa alumini na kuacha chuma kwenye shasi na kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Wabelgiji nao wakaanza kuunda Land Rover zao kwa leseni mwaka 1952, katika kiwanda cha Minerva huko Antwerp, kwa ajili ya jeshi lao. Bodi ya Minerva ni ya chuma. Toyota walitoa jeep yao mwaka 1951, wakaiita Land Cruiser mwaka 1954, na ile ya 40 tunayoijua wote ikaundwa kuanzia 1960 hadi 1984. Hiyo nayo ni chuma kitupu.

Kwa hiyo chukua sumaku ya spika iliyokufa, uitembeze juu ya bodi. Isiponata kwenye mlango wala kwenye bawa la mbele, una alumini mkononi, na alumini haishiki kutu. Lakini usishangilie mapema. Pale alumini inapogusana na chuma na maji yakakaa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Inageuka unga mweupe kuzunguka bolti na kwenye maungio. Na ukuta wa mbele, chini ya kioo, karibu na miguu ya dereva, ndipo chuma cha Land Rover kinapooza kwanza pamoja na shasi.

Shasi ndiyo shina la jambo lote. Shasi ya Land Rover ni boksi refu lenye uwazi ndani. Tope la barabarani linaingia kwa matundu, linakaa, linavuta maji. Yale matundu madogo ya chini yaliyowekwa ili maji yatoke yanaziba. Chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje, huku nje kukiwa na rangi safi.

Nilisimama kwa fundi mmoja hapa Kabondo alipokuwa akifungua Land Rover fupi ya miaka ya 1960. Kijana wake alikuwa na haraka.

"Papa, tupige puti, tupake rangi. Mwenye gari anataka kuiona inang'aa kabla mwezi haujaisha."

"Mwanangu, chukua nyundo. Nenda kule nyuma, pale springi inaposhikwa. Gonga."

Kijana akagonga. Pigo la kwanza na la pili chuma kililia vizuri. Akasogea mkono mmoja, akagonga tena, na safari hii hakikulia. Kilitoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Pigo lililofuata, nyundo ilizama. Magamba mekundu yakamwagika miguuni pake, yakafuatwa na udongo mkavu na mizizi myembamba ya nyasi iliyokuwa imeota humo ndani.

"Umeona," fundi akasema. "Hapo ndipo springi inapobeba gari. Watoto wa mtu wangekaa juu ya hiyo rangi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi yule alikata sehemu yote iliyooza mpaka akafika kwenye chuma kinacholia, ndipo akapima kiraka. Na kiraka hakikuwa cha bati la fati. Shasi ya Land Rover iliundwa kwa sahani ya chuma ya milimita 2. Bati la fati la mafuta halifiki unene huo, na ukilichomelea juu ya kutu, joto linalitoboa, ukingo wake hauna pa kushika, na kwenye shimo la kwanza njia ya Lubutu linaachia. Chuma cha milimita 2 au 3 kinapatikana mjini. Ni ghali kuliko bati, lakini ndicho kinachobeba roho za watu. Mwenye gari, dai kukiona kwa macho yako kabla hakijachomelewa.

Jambo la pili ni bolti. Fundi aliyezoea Toyota ana spana za milimita, na anazipeleka kwenye Land Rover bila kuuliza. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inaonekana imekaa, kisha inateleza na kula pembe za nati. Baada ya hapo inabaki tindo, na tindo inavunja bolti ambayo hapa Kisangani hutaipata dukani. Spana za inchi zinauzwa, hata za mitumba. Mwagia bolti dizeli jioni, mwagia tena asubuhi, kisha ujaribu. Kila bolti inayotoka salama itiwe kwenye kopo lake lenye jina lililoandikwa. Waya nao ufungwe kikaratasi kabla haujakatwa. Na kabla ya kufunga betri, kumbuka kwamba Land Rover nyingi zilizoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zinafunga waya wa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya sasa. Ukifunga kwa mazoea, unachoma vyombo.

Sasa nizungumze na akina mama na akina baba wa parseli, kwa sababu kazi hii inafanyika pale watoto wanapocheza. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi ndani yake. Ukizisugua kikavu, vumbi linaingia kwenye sufuria na kwenye mapafu ya mtoto. Zisugue zikiwa zimelowa, kisha ufagie na ufukie mbali na kisima. Breki za zamani zina asbesto: usipulize ngoma ya breki kwa mdomo wala kwa pampu, ifute kwa kitambaa chenye maji. Tangi la petroli lifunguliwe na kutolewa kabisa kabla ya kuchomelea chochote. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Na ile desturi ya kupaka mafuta machafu ya injini chini ya gari ili kuzuia kutu, tuiache. Mvua inayaosha, na Kabondo watu bado wanachota maji ya visima. Grisi safi ndani ya boksi la shasi, na waya mrefu wa kuzibua yale matundu ya chini kila baada ya safari, vinatosha.

Wapo watakaosema gari likifufuliwa lazima lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kila skrubu mahali pake. Siwafuati. Injini ya petroli ya Land Rover ikiwa imekufa kabisa, mafundi wetu wanaweka dizeli ya Toyota, na gari linatembea. Huko India, kwenye mlima wa Sandakphu, Land Rover za miaka ya 1950 zimebeba abiria miaka mingi zikiwa na injini za dizeli za Mahindra, na hakuna aliyesema si Land Rover. Gari la Kisangani lifufuliwe lifanye kazi. Ninachokataa ni uongo wa puti na rangi.

Kuhusu alama za vita, familia iamue yenyewe. Nimeona bawa la mbele lenye tundu la kipande cha bomu la mwaka 2000 ambalo mwenye gari alikataa lizibwe. Fundi alilainisha ukingo, akapaka rangi ya msingi ili kutu isianzie hapo, akaliacha. Namuunga mkono.

Najua vikwazo. Umeme wa kituo cha Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, hautoshi mji uliokua hivi, na mashine ya kuchomelea haifanyi kazi kwa maombi. Mafundi wanakesha wakisubiri mkondo, au wanawasha jenereta na bei inapanda. Vipuri vinasafiri kutoka Dubai au Kampala, vinapita Butembo, Beni, Komanda na Nia-Nia, na usalama wa njia hiyo sote tunaujua. Ndiyo maana nashauri mchana utumike kwa kazi ya mkono: kufungua, kusugua kwa brashi ya waya, kusafisha, kupanga. Umeme ukija, ukute chuma kiko tayari.

Na kabla ya nati ya kwanza, familia ikae. Gari la marehemu halina mwenyewe mmoja. Kadi ya gari, ile carte rose, itafutwe, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa na wote. Nimeona gari lililofufuliwa kwa jasho la mdogo wa mwisho likachukuliwa na kaka mkubwa aliyerudi kutoka Kinshasa siku lilipowaka. Kazi nzuri ikageuka kesi.

Wenzetu wameshaamka. Oktoba 2024, Arusha iliandaa tamasha la Land Rover na magari yakaandamana barabarani kwa mamia, mengi yakiwa yamepona mikononi mwa mafundi wa kawaida. Kampuni ya Land Rover yenyewe ilitangaza mwaka 2016 kwamba itatafuta Land Rover 25 za toleo la kwanza, Series I, izifufue na kuziuza. Toyota wakatangaza mwaka 2021 kwamba wataunda upya vipuri vya Land Cruiser 40. Walioyaunda wanayatafuta, nasi tunayakata kwa gesi.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni vijana. Gari la sasa likiharibika linadai kompyuta. Land Rover ya mwaka 1965 inamwonyesha kijana kila kitu kwa macho: kabureta, dinamo, gia, springi, breki. Aliyelifungua na kulifunga moja amejifunza kuchomelea, umeme na injini kwa mara moja, na kesho atatengeneza jenereta ya hospitali au mashine ya kukoboa mpunga. Tunalalamika kwamba vijana wa Kabondo hawana kazi huku shule ya ufundi imelala uani kwetu, imeota nyasi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, na shule za ufundi za Kisangani zikubaliane na wenye magari: familia itoe gari na chuma, shule itoe mwalimu na wanafunzi, mkataba uandikwe. Mamlaka ya jimbo iwatake wanunuzi wa chuma chakavu waonyeshe karatasi ya mwenye gari kabla ya kukata. Na wewe unayesoma, ukirudi nyumbani leo, toa nyasi, chukua nyundo, ugonge shasi kutoka mbele hadi nyuma. Ikilia, usiuze. Ikikataa kulia mahali pawili au patatu, mwite fundi kwanza. Mwenye mizani atakuja tu, hata mwakani.