Bao Letu Si la Kujifunza

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, lipo jina moja ambalo naomba liondoke vinywani mwa wacheza bao: bao la kujifunza.

Hapa Ipole, kusini mwa mji wa Tabora, njia iendayo Mpanda inapoachana na ile iendayo Rungwa, tunapanga kete mbili mbili katika mashimo yote 32, zikatimia 64, kisha twaanza kula papo hapo. Vijana warudio kutoka Dar es Salaam na Unguja hutuambia kwamba huo ni mchezo wa wanagenzi. Bao la watu wazima ni lile lenye nyumba, waliitalo bao la kiswahili. Wanatutaka tulihame la kwetu. Nami nasema: tulijue lao, tusilihame letu.

Sikanushi utamu wa bao la nyumba. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 nyumbani, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo jirani. Zilizobaki 22 hukaa mkononi, azinamue moja moja. Mtaji huja baadaye, kete zote zikishaingia. Hesabu yake ni pana. Mwenye kulidharau hajapata kumalizwa safu yake ya mbele angali na kete mkononi.

Lakini jina lina hukumu ndani yake. Ukiliita moja la kiswahili na jingine la kujifunza, umekwisha kuamua kwamba Uswahili uko huko na wanafunzi wako huku. Kiswahili kilisemwa katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, tangu karne ya 19, kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Uteuzi ule ulikuwa na faida yake: vitabu vya shule vilihitaji lugha moja. Haukukifanya Kimvita kuwa Kiswahili cha kujifunza.

Sisi washairi tunaujua ugomvi huu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, chenye tungo zisizofungwa na vina wala mizani. Wako waliotaka mmoja amfukuze mwenziwe, na hata leo hakuna aliyefukuzwa. Kosa lilikuwa, na lingali, kumpima mtu kwa kanuni ambazo hakuziingia: kuhesabu mizani ya shairi huru, au kuilaumu tarbia kwa kuwa na vina.

Watasema kijana wa Ipole akienda kushindana ugenini atafungwa, na kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Basi na afundishwe kuwika kwa sauti mbili! Hoja hiyo yatosha kuongeza kanuni ya pili. Haitoshi kuiua ya kwanza. Anayejifunza Kiarabu hatakiwi kukisahau Kinyamwezi.

Wapo pia wa upande wangu wanaosema mwacha mila ni mtumwa, na kwa hiyo nyumba isichongwe katika ubao wowote hapa kwetu. Hao nao nawapinga. Mila inayoogopa kukaa na mgeni barazani imekwisha kukiri udhaifu wake. Mji wa Tabora ulikuzwa na wapita njia. Haitupasi sisi wa wilaya jirani kufunga mlango.

Ninalotaka ni dogo na linatendeka. Kabla ya kete ya kwanza kutembea, wawili walioketi waulizane: la nyumba au la mbili mbili? Wakishakubaliana, asiwepo wa kubadili kanuni katikati kwa kuwa anafungwa. Na sisi tuliokabidhiwa maneno tuliite letu kwa jina la jinsi lilivyo, bao la mbili mbili, kisha tuyaandike maneno wanayoyasema wazee wakilicheza, wangali hai wa kutusahihisha. Mchezo usioandikwa maneno yake hupewa jina na wengine, na jina hilo, kama tulivyoona, huwa si la heshima.