Nahau bila stori yake ni mtego

Shosho wangu aliaga mwezi uliopita. Kuna msee wa China tunayepiga naye stori mtandaoni, mimi namsaidia Kiingereza. Nilipomwambia, akaandika: “So sorry she kicked the bucket.”

Manze, niliumia. Halafu akanitumia picha ya kitabu chake. Huku nahau ya Kiingereza, kule maana kwa Kichina: kufa. Basi. Hakuna mahali kimesema hayo ni maneno ya utani. Ni kama uende matanga umwambie mwenye msiba mamake amekata kamba.

Na msimcheke. Sisi pia tulikariri hivyo hivyo tupate maksi za insha.

Cha kushangaza, Wachina wana nahau yao, “kumchorea nyoka miguu”, na inakuja na stori. Jamaa walishindania pombe kwa kuchora nyoka. Wa kwanza kumaliza akaongeza miguu, akaikosa pombe. Ukishasikia hiyo, unajua ni ya kuambia nani na lini.

Vitabu vya Kiingereza vifunze hivyo. Maana pekee haitoshi.

Wewe je, nahau gani ilishawahi kukuaibisha?