Amotisere ya hewa inainua gari, haipunguzi mzigo

Katika garaji za Goma, Butembo na Bukavu, gari iliyolala nyuma ina dawa inayojulikana: kutoa amotisere za nyuma na kuweka zile za hewa. Fundi anafunga, kompresa inapiga, nyuma inapanda, mwenye gari analipa na kuondoka akiridhika. Kesho yake Land Cruiser iliyokuwa ikibeba magunia 8 ya maharagwe inapakiwa 12, na juu ya magunia wanapanda watu. Gari inaonekana imesimama sawa, kwa hiyo kila mtu kwenye parking anaamini iko na nguvu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gunia moja la maharagwe mara nyingi lina kilo 100. Land Cruiser ya pick-up imetengenezwa kubeba karibu tani moja, na katika tani hiyo wanahesabiwa pia abiria na vitu vyao. Magunia 10 yanatosha kuimaliza. Hakuna amotisere inayobadilisha hesabu hiyo, na watengenezaji wa amotisere za hewa wenyewe wanaandika hivyo kwenye karatasi inayokuja ndani ya katoni: piesi hii haiongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba. Karatasi hiyo kwa kawaida inatupwa pamoja na katoni.

Mchanganyiko unaanzia sokoni, ambako vitu vitatu tofauti vinauzwa kama ni kimoja. Kuna amotisere ya gazi, iliyofungwa kiwandani na gazi ya azoti ndani yake ili mafuta yasitoe povu inapofanya kazi kwa muda mrefu kwenye mashimo. Hiyo haiinui gari. Kuna amotisere ya hewa, yenye koti la mpira kwa nje na mdomo wa kupulizia kama wa mpira wa gurudumu. Hewa ikiingia, koti linavimba na kusukuma gari juu. Halafu kuna baluni za hewa, zinazowekwa kati ya shasi na ponti ya nyuma, au ndani ya resori ya kuzunguka kwa magari kama Prado. Mwenye gari anayeomba « ya hewa » bila kueleza zaidi anaweza kurudi nyumbani na yoyote kati ya hizo tatu.

Kwa njia zenye matope na mawe, kama ile ya Butembo hadi Manguredjipa au ile ya Bukavu hadi Kamituga, tofauti hiyo ni kubwa. Kazi ya amotisere tangu mwanzo ni kutuliza mruko wa gari. Uzito unabebwa na resori, ambazo kwenye Land Cruiser ya kazi na Hilux ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Bulo na vyuma vinavyoshika amotisere havikutengenezwa kwa kubeba mamia ya kilo. Hewa ikitiwa nyingi, sehemu ya uzito inahama kutoka kwenye resori na kuegemea pale. Kwa miezi kadhaa hakuna kinachoonekana. Baadaye sodere inapasuka, au chuma kinararuka kwenye shasi, na hiyo hutokea gari ikiwa imepakia, ndani ya shimo, mbali na garaji yoyote. Baluni nazo zina ubaya wao: zinasukuma shasi kwenye sehemu moja. Huko Australia, ambako magari haya haya yanafanya kazi ngumu, kumeonekana pick-up za kabini mbili zilizopinda shasi kwa sababu ya baluni na mzigo uliozidi.

Lakini hatari inayopaswa kuzungumzwa zaidi iko kwenye freni, na ndiyo inayosahauliwa na mafundi wengi.

Toyota nyingi za miaka ya nyuma, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, zina valvu ndogo chini ya gari inayopima mzigo. Imefungwa kwenye shasi, na chuma chembamba kinaiunganisha na ponti ya nyuma. Gari ikipakiwa, shasi inashuka karibu na ponti, kile chuma kinasogea, na valvu inaruhusu mafuta mengi ya freni kwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Gari ikiwa tupu, shasi iko juu, valvu inabana ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na gari isiteleze. Valvu haijui kilo. Inajua tu umbali kati ya shasi na ponti.

Sasa fundi amepandisha nyuma kwa hewa, na gari ina tani moja na nusu. Kwa valvu, gari hiyo ni tupu. Inabana mafuta ya freni za nyuma wakati zinapohitajika kuliko siku zote. Kazi yote inabaki kwa freni za mbele, ambazo kwenye mteremko mrefu zinapata moto mpaka pedali inakuwa laini chini ya mguu. Anayejua mteremko wa Kabasha, kati ya Rwindi na Kanyabayonga, au ule wa Ngomo kwenye njia ya Bukavu kwenda Uvira, hahitaji kuelezwa mengi. Dereva atasema freni zimekatika ghafla. Zilikuwa zimepunguzwa siku ile gari ilipotoka garaji.

Dawa ipo: baada ya kuinua gari, valvu ile irekebishwe kwa vipimo vya kitabu cha gari, na freni zijaribiwe gari ikiwa na mzigo, mahali tambarare, kabla ya safari. Mwenye gari akimuuliza fundi habari ya valvu hiyo na fundi akacheka, atafute fundi mwingine.

Je, amotisere za hewa zitupwe zote? Hapana. Kuna kazi zinazozifaa. Gari inayotembea siku nyingi ikiwa tupu, na siku nyingine ikiwa na mzigo ulio ndani ya kipimo lakini umekaa nyuma sana, inaweza kusaidiwa isiinamie nyuma na kupiga taa machoni mwa wanaokuja mbele yake usiku. Ila kabla ya kununua, resori ziangaliwe kwanza. Zikiwa zimenyooka kwa uzee au chuma kimoja kimevunjika, pesa ziende huko, maana hewa itaficha ugonjwa tu. Gari inayobeba mzigo mzito kila siku inahitaji resori zilizo ngumu zaidi na amotisere za kawaida zilizo nzuri. Gharama ni kubwa, lakini resori ya chuma haitoboki kwa jiwe.

Anayeamua kununua apime urefu wa amotisere ya zamani ikiwa imevutwa na ikiwa imebanwa, kutoka tundu hadi tundu. Ikiwa fupi, itafika mwisho wake kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo na kung'oka. Ikiwa ndefu mno, itajigonga ndani. Jina la gari peke yake halitoshi, kwa kuwa Land Cruiser nyingi zilizoko Kivu zimeshabadilishwa mara mbili au tatu kabla ya kufika kwa mwenye gari wa leo.

Katika kufunga, shasi isimamishwe juu ya vyuma imara, na ponti iwe na kriki yake, isije ikaning'inia na kuvuta mpira wa freni. Bulo zinazopita kwenye silenbloki zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari ikiwa hewani, zile silenbloki zinajipinda na kuchanika mapema. Mipira ya hewa ipite mbali na bomba la moshi na kila kinachozunguka. Afadhali kila upande uwe na mdomo wake, kwa sababu mpira mmoja ukiunganisha pande zote mbili, hewa inakimbilia upande wa pili kwenye kona na gari inalala zaidi. Maji ya sabuni yanatosha kuonyesha inapovuja.

Hewa yenyewe ina mipaka. Kwa aina nyingi, kiwango cha chini ni psi 20, yaani bari 1,4 hivi, ili koti la mpira lisijikunje na kujikata, na cha juu ni karibu psi 150. Tabia ya kujaza mara moja na kusahau ndiyo inayoharibu. Gari imepanda Kamituga na mzigo, inarudi tupu na hewa ileile. Nyuma imekuwa ngumu kama jiwe, magurudumu yanaruka badala ya kushika njia, na kwenye matope gari inakwenda inakotaka. Kupunguza hewa ni kazi ya dakika mbili.

Polisi wa barabarani wanajua kuomba karatasi za gari. Wachache wanainama kuangalia chini yake, na kipimo chao cha mzigo ni macho: gari ikilala nyuma inasimamishwa, ikisimama sawa inapita. Kwa kipimo hicho, mwenye kuzidisha mzigo akinunua hewa amenunua na ruhusa ya kupita. Vyama vya madereva, ambavyo vina watu wao kwenye parking, vinaweza kuhesabu magunia na vichwa vya watu kabla gari haijatoka, bila mashine yoyote. Abiria naye ana haki ya kuuliza, kabla ya kulipa, ni magunia mangapi yaliyo chini ya mahali anapoambiwa akae.