Maua ya Dhahabu kwa Bibi Harusi Anayekwenda Mpanda



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaletewa picha. Bibi harusi ameiona bustani mahali, imemvutia, na anatuuliza: je, na mimi nitaweza kuwa na maua haya kwangu? Aghalabu ni picha ileile. Ukuta mweupe, kibaraza, na chini yake safu ya maua ya njano na ya rangi ya dhahabu, yamesimama juu ya vikonyo virefu, majani membamba kama ya mchaichai.

Maua haya hayana jina moja la Kiswahili. Sisi tunayaita mayungiyungi ya siku moja, maana kila ua hufunguka asubuhi na ikifika usiku limeshanyauka. Si yungiyungi la majini. Asili yake ni China, Japani na Korea, na wataalamu wa mimea huyaita Hemerocallis.

Jibu letu tunalitoa mapema ili asiyekuwa na muda asichoke kusoma. Bibi harusi ana haki ya kutaka maua nyumbani kwake, na haya ya njano yanafaa hata kule Mpanda. Lakini achague aina kwa kufuata udongo na mvua ya pale anapokwenda kuishi, asifuate picha. Na asiuze dhahabu yake kuyapata. Haya tumejifunza kwa kukosea, na aliyelipa gharama ya kosa letu ni binti yetu.

Kuolewa mbali

Mama yake ni mmoja wetu hapa. Binti aliposwa na kijana wa Mpanda, mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Mashoga zake walimtania sana kwamba anakwenda kukanyaga dhahabu, kwa kuwa wilaya zile zina wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hata reli ya tawi inayotoka Kaliua kwenda Mpanda ililetwa na madini: ilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi.

Tulimsindikiza. Boti hadi Dar es Salaam, kisha basi kupitia Tabora, na baada ya Tabora miombo kwa miombo mpaka macho yanachoka. Tulipokelewa vizuri mno, Alhamdulillah. Tukala, tukaimba, tukarudi zetu kisiwani. Yeye akabaki.

Sisi tuliozaliwa Unguja tumezoea mvua mbili, masika na vuli, na upepo wa bahari katikati yake. Mpanda mvua ni moja. Huanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili, na baada ya hapo ni kiangazi kinachokwenda mpaka Oktoba. Ndicho kiangazi ambacho Mto Katuma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupungua hata viboko wakabanana kwenye madimbwi ya matope. Watalii hulipa kwenda kuona ajabu hiyo. Mke mgeni yuko mjini anahesabu ndoo.

Mume anatoka asubuhi, anarudi magharibi. Ua wa nyumba mtupu, vumbi jekundu mpaka mlangoni. Siku moja akamwambia mama yake kwa simu kwamba nyumba yake haina harufu. Dada zetu wa pwani mtaelewa. Sisi tumelelewa na kikuba: asumini, rehani, kilua, mkadi. Mkilua ni mti wetu hasa. Hata wataalamu walipouandika rasmi mwaka 1970 walilichukua jina hilohilo la Kiswahili, wakauita *Mkilua fragrans*. Sasa mtu uliyeondoka na kikuba kifuani unafikaje mahali ambapo hakuna hata jani la kuchuma?

Kosa letu

Tukaamua kumtumia bustani. Tukaingia mtandaoni, tukaona maua ya dhahabu, tukasoma kwamba ni rahisi kuyatunza, tukaagiza mizizi kwa muuzaji wa nje ambaye hatumjui. Hatukuuliza hali ya hewa, hatukuuliza hata vibali. Sheria ya nchi inataka mmea unaotoka nje uwe na kibali na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka inayosimamia hilo ipo, TPHPA. Sisi tulijifanya hatuhusiki kwa kuwa ni kijiboksi kidogo. Hilo tunalikiri kwenu, na msituige.

Mizizi ikapandwa. Mvua za kwanza yakatoka majani, na kikonyo kimoja. Mvua za pili yakadhoofika, mengine yakaoza shinani. Binti akatupigia akasema: "Hata maua yameikataa Mpanda."

Hakuwa anazungumzia maua, na mama yake alilijua hilo. Usiku ule tulikaa naye mpaka saa nane.

Baadaye ndipo tukasoma tulichopaswa kusoma mwanzo. Mayungiyungi ya siku moja yako makundi. Yako yanayolala: majira ya baridi majani hufa yote, mmea hupumzika ardhini, kisha huamka. Haya yanauhitaji ubaridi ule. Ile aina ndogo ya dhahabu inayojulikana kuliko zote, Stella de Oro, iliyotolewa Marekani na Walter Jablonski mwaka 1975, ni ya kundi hili. Na yako yasiyolala, majani yake mabichi mwaka mzima, ambayo ndiyo yanayopandwa kwenye nchi za joto. Tulimpelekea binti wa nchi ya joto mmea unaosubiri baridi isiyokuja. Kosa halikuwa la Mpanda wala la mizizi.

Namna ya kuchagua

Kwa hiyo dada yetu, ukienda kununua, uliza kwanza kama aina hiyo inalala au hailali. Muuzaji akishindwa kukujibu, mwombe akuoneshe shina lake lililokaa ardhini mwaka mzima, likiwa na ua. Shina lililozoea nchi hii lina thamani kuliko picha kumi. Sisi mara ya pili tuliyapata kwa mama mmoja wa Arusha anayeuza miche, aliyagawa kwenye shamba lake mwenyewe.

Panda mvua zinapoanza, Novemba, sio katikati ya kiangazi. Inua tuta, maana mvua ya Mpanda ikishuka inashuka kweli, na shina likituama majini na joto lile litaoza. Changanya samadi iliyokwisha kuoza. Acha nafasi ya nusu mita kati ya shina na shina, na usifukie shina chini sana. Kiasi cha pingili moja ya kidole kinatosha. Liwe mahali penye jua la saa sita kwa siku.

Kiangazi usiogope sana. Mizizi yake ni minene, inaweka maji, na mmea ukishakomaa huvumilia ukame kuliko maua mengi. Weka beseni chini unapotawadha. Maji yale yanatosha tuta dogo, nawe umeepukana na israfu. Hapana haja ya kugombania ndoo ya kupikia.

Harufu usiitarajie kubwa. Nyingi ya aina hizi ni za macho. Ukitaka harufu, panda rehani pembeni na asumini karibu na dirisha, ndipo nyumba itakuwa yako.

Na kama una paka, soma hapa mara mbili. Mmea huu, majani, maua mpaka vumbi lake la ua, ni sumu kwa paka, humharibu figo, na kidogo tu kinatosha. Sisi watu wa visiwani tunaishi na paka, na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia tumeisikia tangu madrasa. Mwenye paka apande kitu kingine. Kana za njano, zile zenye majani mapana kama ya mgomba, zinastahimili joto vizuri na zinapendeza vilevile. Na usichimbe maua ya porini kwa kuvutiwa na rangi. Lile jekundu lenye kingo za njano linalopanda juu ya vichaka wakati wa mvua ni sumu kali, hasa mzizi wake, unaofanana na kiazi.

"Maua hayaliwi"

Mama mkwe wa binti yetu alipoona tuta akasema, kwa upole lakini akasema: "Mwanangu, maua hayaliwi. Ungepanda mchicha."

Wako wasomaji wetu watakaokasirika hapa. Sisi hatukukasirika. Mama yule amelea watoto kwenye nchi ya mvua moja, anajua nini maana ya kiangazi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda kitu, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka yake. Mchicha una hoja yenye nguvu.

Lakini hatukubali kwamba kipendezacho macho ni upuuzi. Katika Suratul Baqara, aya ya 69, watu wa Nabii Musa wanauliza rangi ya ng'ombe, na jibu linataja njano iliyoiva na furaha wanayoipata wanaomtazama. Furaha ya jicho imetajwa, haikudharauliwa. Basi tulimwambia binti: gawa tuta. Nusu mchicha na matembele, nusu maua. Na mboga ya kwanza ipeleke kwa mama. Alifanya hivyo. Tangu siku ile mama mkwe huingia uani bila kubisha hodi ya kigeni, na yeye ndiye aliyemfundisha kutandaza nyasi kavu juu ya tuta ili unyevu usikimbie.

Dhahabu ya kweli iache mkononi

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo lililotufanya tuandike. Kabla ya tuta hili, fundi mmoja wa bustani alimtajia binti yetu bei ya kutengeneza ua wote: nyasi, mawe, taa na maua. Bei ile ingemlazimu auze bangili mbili za mahari yake. Naye alikuwa tayari. Alisema nyumba ikipendeza, labda na yeye ataizoea.

Dada zetu, mahari ni yako. Suratun Nisaa, aya ya 4, imeyaweka mikononi mwako, na mwanamke aliye mbali na kwao ndiye hasa anayeyahitaji. Ni akiba ya siku usiyoijua. Usiyageuze nyasi. Upweke hauondolewi na ua uliokamilika kwa siku tatu na fundi akaondoka. Binti yetu angebaki na taa zake na upweke wake, bila bangili. Mashina manne ya mayungiyungi yanatosha kuanzia. Baada ya miaka mitatu au minne yatakuwa yamesongamana, utayachimbua, utayagawa, na jirani yako atapata bure kutoka mkononi mwako. Njia hii ni ndefu, lakini unapata maua na unapata majirani.

Huko China, matumba ya baadhi ya aina zake hukaushwa na kupikwa, nayo huitwa sindano za dhahabu. Tena mmea huu una jina jingine la kale, jani la kusahau huzuni, nao umehusishwa na mama: mtoto anayesafiri mbali huupanda mbele ya chumba cha mama yake ili apunguze majonzi. Kwetu ilikuwa kinyume. Mama ndiye aliyempelekea mtoto.

Kikonyo kimoja hubeba matumba mengi, na hayafunguki pamoja. Leo moja, kesho mawili, hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Msimu ule mashina ya Arusha yalipoanza kutoa maua, binti alipiga simu kila asubuhi baada ya alfajiri. "Mama, leo moja." "Mama, leo matatu." Mama yake alikuwa akituandikia sisi idadi, nasi tukawa tunaingoja kama habari ya mwezi wa sikukuu.

Kisha asubuhi moja ikapita kimya. Mama akangoja mpaka adhuhuri, akapiga mwenyewe. Kulikuwa na kelele za wanawake, sufuria, na kicheko. Akamuuliza, leo mangapi?

"Aa, mama, sijayatazama. Nina wageni."

Mama alikata simu akatwambia sote, na siku ile hakuna aliyeandika idadi.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu wote nyumba zenye utulivu, waliobaki visiwani na waliovuka maji. Wabillahi tawfiq.