Maji Yakituama Ndani ya Jokofu

Ukifungua jokofu ukakuta maji yametuama chini ya droo ya mboga, usilihukumu kuwa limekufa. Mara nyingi mashine ni nzima; kilichoziba ni njia ya maji.

Kila mlango ufunguliwapo, huingia hewa yenye unyevu. Unyevu huo hugeuka matone au barafu kwenye ukuta wa nyuma ulio baridi. Barafu ikiyeyuka, maji huteremka katika mfereji mdogo, hupenya tunduni na kuangukia kwenye sinia lililoko nyuma ya jokofu, karibu na mashine. Joto la mashine huyakausha. Jani la mchicha au gamba la samaki likiziba tundu hilo, maji hubaki ndani.

Mtu wa mjini huweza kumwita fundi wa jirani. Lakini mwenye jokofu huko Kagunga, mwambao wa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, amezoea kufika Kigoma mjini kwa boti. Kulipakia jokofu botini, kulipa nauli na ujira wa fundi, kisha kuambiwa kosa lilikuwa jani la mchicha, ni hasara iwezayo kuepukwa.

Basi, kwanza chomoa plagi. Toa vyakula na ukaushe maji kwa kitambaa. Ikiwapo barafu, acha mlango wazi iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu: ukitoboa bomba la gesi, jokofu lililokuwa zima litaharibika kweli. Zibua tundu kwa mrija laini, kisha mimina polepole maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Yakitokea kwenye sinia la nyuma, njia imefunguka. Osha na sinia lenyewe.

Kagua pia mpira wa mlango. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukaza, hewa yenye unyevu inaingia mchana na usiku. Migebuka na kuhe wabichi wawekwe katika chombo chenye mfuniko, chakula cha moto kipoe kwanza, wala kitu chochote kisigusane na ukuta wa nyuma.

Majokofu mengine tundu lake limefichwa nyuma ya kifuniko kilichokazwa kwa skrubu. Hilo mwachie fundi, na vilevile maji yakirudi baada ya usafi huu. Fundi aitwe baada ya kukagua, si kabla.