Shela Katika Dirisha la Studio

Kabla ya simu za mkononi, mpiga picha wa Kitale au Bungoma hakuwa na haja ya kutangaza gazetini. Tangazo lake lilikuwa dirisha la kioo, na katikati ya dirisha hakukosa bibi harusi mwenye shela. Aliyepita akitoka sokoni alielewa: ukiingia humu, nawe utatoka hivi.

Shela yenyewe aghalabu ilikuwa mali ya studio. Ilining'inia msumarini pamoja na tai na makoti ya kuazima, ikahama kichwa hadi kichwa. Niliwaona kina mama waliokwisha kutolewa ng'ombe zamani, wasiofunga ndoa kanisani kamwe, wakiivaa huku watoto wao wakingoja mlangoni. Kwao haikuwa alama ya ubikira, kama mapadri walivyopenda kusema. Ilikuwa hati kwamba ndoa yao nayo ni ndoa.

Jambo hili si geni. Kisiwani Unguja, baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walianza kujifunika vichwa, heshima waliyokuwa wamenyimwa, na baadaye wakavaa buibui. Lakini tofauti ipo, nami naiona kubwa: buibui lilimkinga mwanamke na macho ya wageni, ilhali shela yetu ilirudishwa nyuma ya uso ili wageni watazame vizuri.

Na nani aliulizwa? Shangazi yangu hakuulizwa. Picha yake ilitundikwa katika dirisha moja mjini Bungoma, na ndoa ilipovunjika mwaka wa tatu, yeye aliendelea kuwa bibi harusi pale kila siku ya soko. Alipoomba iondolewe alijibiwa kwamba picha ni ya studio. (Kulipa alikuwa amelipa yeye!)

Leo wapambaji wa maharusi huwaonyesha wateja wao kwenye simu kwa namna ile ile, ingawa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kumtumia kibiashara. Nasema waulizwe, hata kama wanatabasamu.

Shangazi alirudi mara ya tatu, akainunua picha yake mwenyewe. Ipo sandukuni hadi leo, shela imegeuka manjano upande uliopigwa na jua.