Mtandao Usiishie Sebuleni

Juzi usiku mjini Nyeri nilimkuta mwanafunzi amejikunyata barazani penye baridi, simu mkononi, akiisaka kazi aliyopewa na mwalimu wake. Nyumba ina mtandao. Chumba chake hakina. Ruta imewekwa sebuleni, kando ya televisheni.

Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza kutumia masafa ya televisheni yaliyokuwa hayatumiki ili kuifikisha intaneti vijijini. Je, mawimbi yaliyovuka mabonde yashindwe na ukuta mmoja?

Tusiilaumu kampuni kabla ya kujichunguza. Kuta zetu za mawe hunyonya mawimbi, na mabati huyarudisha yalikotoka. Yafaa ruta iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na vyuma. Masafa ya gigahazi 2.4 hupenya ukuta vyema kuliko yale ya 5, ingawa kasi yake ni ndogo. Hayo yasipotosha, uvutwe waya hadi ruta ya pili huko nyuma.

Walimu na wazazi wenzangu, pale tunapokiweka chombo hicho ndipo tunapoonyesha tunayemthamini: mtoto au televisheni.